Uhai wa Kisima Huamuliwa Kwenye Usanifu: Miradi ya Maji Vijijini Mkoani Singida

Usanifu endelevu ni utaratibu wa kuzingatia uhai wa mradi, mazingira na uwezo wa watumiaji tangu hatua ya upembuzi yakinifu. Mkoani Singida, ambako mvua ni wastani wa milimita 500 hadi 800 kwa mwaka na vijiji vingi hutegemea maji ya chini ya ardhi, utaratibu huo ndio unaotenganisha kisima kinachodumu na kinachotelekezwa.

Wingi wa maji. Kisima kikishachimbwa, hupimwa ili kubaini kiasi kinachoweza kuvutwa bila kukikausha. Pampu huchaguliwa kwa kufuata kipimo hicho.

Ubora. Baadhi ya maeneo ya Singida yana madini mengi ya floraidi ardhini. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, meno ya watoto huharibika rangi. Yakizidi sana, hudhuru mifupa. Kuchemsha maji hakuyaondoi. Kwa hiyo sampuli hupaswa kupimwa maabara kabla ya mabomba kulazwa.

Idadi ya watu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja kwa watu 250. Kijiji cha watu 3,000 huhitaji lita 75,000 kwa siku na vituo 12. Hata hivyo, wakazi wa Singida waliongezeka kutoka takribani milioni 1.37 mwaka 2012 hadi milioni 2 mwaka 2022. Mradi uliosanifiwa kwa idadi ya leo huelemewa mapema. Mahitaji ya mifugo nayo huhesabiwa.

Nishati. Umeme jua hupunguza gharama za dizeli, lakini huhitaji tangi kubwa la kuhifadhi maji ya usiku na ya siku za mawingu.

Uendeshaji. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 ilianzisha RUWASA na kutambua vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Bei ya maji hupaswa kumudu matengenezo na kulipika na wananchi.

Mradi unapowasilishwa katika mkutano wa kijiji, wananchi wanahimizwa kuuliza majibu ya maabara, kiasi cha maji kilichopimwa na fedha za matengenezo zitakakotoka.