Chuo Kikuu Huria cha Tanzania: Chuo Kilichomfuata Mwanafunzi Alipo

Kila Chuo chetu kinapoadhimisha mwaka mwingine, sisi tuliokifahamu tangu enzi za stempu na bahasha za kaki huombwa kuandika machache. Naanza mbali kidogo, kwa sababu Chuo hiki hakikuzuka.

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru nchi yetu ilikuwa na chuo kikuu kimoja, cha Dar es Salaam. Cha Sokoine, Morogoro, kilikuja mwaka 1984. Katikati hapo taifa lilikuwa limejifunga kibwebwe kusomesha watu wake: mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa Elimu ya Watu Wazima, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikafundisha kwa njia ya posta, na Elimu ya Msingi kwa Wote ikaingiza maelfu ya vijana katika ualimu. Vijana hao walikua, wakaoa na kuolewa, wakajenga huko walikopangiwa, na kiu ya shahada ikabaki palepale. Akili walikuwa nayo, bidii pia. Nafasi za Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndizo zilizokuwa za kuhesabu, na nani angeacha darasa, shamba na watoto aende kukaa bwenini miaka mitatu?

Mwishoni mwa miaka ya themanini Serikali ikamkabidhi Mzee Nicholas Kuhanga kamati ya kulitazama jambo hili. Hakuna aliyefaa kuliko yeye. Alikuwa amekwisha kuwa Waziri wa Elimu, kisha Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi 1988, na alijua ni wangapi walioachwa nje ya lango. Ripoti yake ya 1990 ilisema wazi kwamba chuo kikuu huria kinawezekana hapa nchini. Bunge likapitisha Sheria Na. 17 ya 1992, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 1993. Tarehe 19 Januari 1994 Chuo kilizinduliwa rasmi, na Mheshimiwa John Samuel Malecela, aliyekuwa Waziri Mkuu, akasimikwa kuwa Mkuu wa Chuo wa kwanza. Siku ile tulijiona tumeshika mbingu.

Sasa niseme habari za Profesa Geoffrey Mmari, Makamu Mkuu wetu wa kwanza, na msomaji aniwie radhi nikikaa hapa. Alikuwa mwalimu wa hisabati, aliyekwisha kuviongoza vyuo vikuu vyote viwili vya umma vya wakati huo, Sokoine na kisha Dar es Salaam. Mtu wa hadhi hiyo angeweza kupumzika. Alikubali kuanza upya na chuo kisicho na madarasa wala mabweni, na alikaa nasi mpaka 2005. Lililomshughulisha, kama lilivyotushughulisha sote, ni thamani ya shahada. Wako waliodhani anayesomea nyumbani atatunukiwa kwa kuhurumiwa. Jibu letu lilikuwa mtihani: unasimamiwa, unasahihishwa kwa vigezo vya chuo kikuu chochote, na asiyefaulu anarudia.

Tulianza na wanafunzi 766, katika sanaa, biashara na ualimu. Sheria na sayansi zikafuata. Kwa wasiotimiza sifa za kujiunga ikawepo kozi ya msingi, mlango ambao binafsi naupenda kuliko yote. Mlango huo umepita katika misukosuko yake, nao ungalipo.

Vijana wa leo hawajui kazi ya wakati ule. Vitabu vilifungwa, vikapelekwa posta au vikapakiwa kwenye basi la mkoani. Mazoezi yalirudi kwa Sanduku la Posta 23409, mengine yakinuka mafuta ya taa kwa kuandikiwa kando ya koroboi. Vituo vya mikoa vilijibanza katika vyumba vya kuazima, na mkurugenzi wa kituo alikuwa mwalimu, karani, mpokea wageni na mshauri wa ndoa zilizoyumba kwa sababu mama anasoma usiku. Wiki ya masomo ya ana kwa ana ilipofika, muuguzi, askari polisi na mwalimu mkuu walikaa benchi moja. Fedha zilikuwa haba. Mahafali ya kwanza ya shahada yalipofika, watoto ndio waliowapigia makofi wazazi wao.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 2005 Profesa Tolly Mbwette alishika usukani akiwa Makamu Mkuu. Hati Idhini ya Chuo ilianza kutumika Januari 2007. Shahada za uzamili na uzamivu ziliongezeka. Vituo vilienea mikoa yote, Unguja na Pemba zikiwemo. Mitihani ya papo kwa hapo, ambayo mwanafunzi huifanya anapokuwa tayari, ilianzishwa. Masomo yalihamia kwenye intaneti. Profesa Elifas Bisanda alipokea kijiti mwaka 2015. Baada ya Mzee Malecela, Ukuu wa Chuo ulishikwa na Dkt. Asha-Rose Migiro, kisha Mheshimiwa Mizengo Pinda. Mwaka 2020 vyuo vyote vilipofungwa kwa ajili ya korona, wengi walikuja kutuuliza tunafundishaje kwa mbali. Mradi wa HEET, yaani wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umetuingiza katika ujenzi wa maabara za sayansi, hitaji la siku nyingi.