Wepesi Mbele ya Wenye Vifua: Magongo ya Kenya, 1960 hadi 1971

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wadogo zetu mlio madarasani sasa hapa Kiswere, ubishi wa mkutano wetu safari hii ni timu ya shule. Vijana wetu ni wepesi, wana chenga, na hatua ya makundi huipita wakicheka. Ikifika mtoano hukutana na mabarobaro waliojaa vifua, nao hutolewa. Wako wenzetu wanaotaka wale wadogo wadogo waachwe, wachaguliwe wenye miili. Mimi ni mtumishi wa serikali, si mwalimu wa michezo, lakini chuoni nilisoma historia, nayo ina mfano unaofanana mno na huu wetu.

Mfano wenyewe ni wa mpira wa magongo, mchezo ambao pwani hii ya Kilwa na Lindi haukuota mizizi. Nairobi uliota, hasa miongoni mwa Wagoa na Makalasinga, ambao walicheza kwa mtindo wa Bara Hindi: mpira karibu na gongo, pasi fupi, chenga nyingi. Timu za Ulaya zilipenda zaidi kupiga mbali na kukaba kwa nguvu. Yafaa ikumbukwe kwamba sheria za magongo haziruhusu kumsukuma mtu, wala kuukinga mpira kwa mwili. Basi nguvu huingilia mlango wa uani: mapigo mazito, mchezaji mmoja kuzingirwa na watatu, na pumzi.

Mwaka 1960 huko Roma, katika robo fainali ya Olimpiki, Kenya iliyokuwa bado koloni ilikutana na Uingereza. Dakika 70 zilikwisha bila mshindi. Waliongezewa muda, wakaongezewa tena na tena, mpaka dakika ya 127 Uingereza ilipopata bao la pili na kushinda 2–1. Hebu fikirini, ni karibu mechi mbili nzima kwa miguu ile ile!

Barcelona, Oktoba 1971, lilichezwa Kombe la Dunia la kwanza. Nahodha wa Kenya alikuwa Avtar Singh Sohal, beki. Katika kundi lao waliiacha nyuma Ujerumani ya Magharibi, wakafika nusu fainali, wakafungwa 1–0 na wenyeji, Hispania. Kugombea nafasi ya tatu walifungwa na India 2–1 baada ya muda wa nyongeza. Wakawa wa nne, na tangu hapo hakuna timu nyingine ya wanaume ya Afrika iliyofika nafasi hiyo.

Wanaotaka vifua watasema: si mnaona, wepesi walishindwa. Nami nawaomba wayatazame mabao. Katika mechi tatu hizo Kenya ilifungwa mawili, moja, na mawili. Hiyo si timu iliyokanyagwa. Lakini yenyewe ilifunga moja, sufuri, na moja. Ngome ilisimama, lililokosekana ni bao, na mechi mbili kati ya tatu ziliamuliwa baada ya saa ya kawaida kwisha. Tena India hawakuwa watu wa vifua hata kidogo, walicheza kama Wakenya wenyewe.

Hispania hao hao walifungwa fainali 1–0 na Pakistan, wacheza chenga wakubwa. Mwaka 1980 huko Moscow walifungwa tena fainali, 4–3, na India. (Tanzania nasi tulikuwako Moscow, India ilitufunga 18–0, na yatosha kusema hivyo.) Kwa hiyo wepesi waliweza kuwashinda wenye nguvu, ila walihitaji mtu wa kumalizia.

Jambo jingine ni mpira kuondoka mguuni kabla mwili wa mpinzani haujafika. Chenga ya kwanza ni mali. Ya tatu, katika mtoano, ni kumngoja mtu aje akuangushe. Vijana wetu hupenda ya tatu kwa sababu watazamaji hushangilia.

Ombi langu kwa kamati ya michezo ni hili: wale wadogo wawili wa pembeni wasiachwe. Atafutwe mfungaji mmoja, mwenye mwili au asiye nao. Na maji yakipwa, mazoezi yahamie mchangani, yasikome dakika ya 90.