Kaburi la Lilongwe na Gereza la Dzaleka

Katika mji wa Lilongwe, makao makuu ya Malawi tangu mwaka 1975, mitaa mingi imepewa namba badala ya majina. Mtu hukaa Area 18, mwenzake Area 49, na namba hizo hazimkumbuki shujaa wala mkosaji. Lakini jirani na Bunge limesimama kaburi la marumaru ambalo limekusudiwa kukumbusha. Humo amelazwa Dakta Hastings Kamuzu Banda, rais wa kwanza, aliyefariki Novemba 1997. Kaburi hilo lilizinduliwa na Rais Bingu wa Mutharika Mei 2006, na nguzo zake nne zimebeba maneno manne yaliyokuwa msingi wa chama chake: Umoja, Uaminifu, Utii na Nidhamu.

Maneno hayo hayahitaji kufasiriwa kwa askari. Ameyasikia tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Swali ambalo jiwe haliwezi kulijibu ni hili: utii kwa nani?

Kilomita zisizozidi 50 kutoka kaburi hilo, katika wilaya ya Dowa, ipo Dzaleka. Jina lenyewe, kwa Kichewa, huelezwa kuwa ni kauli ya mtu aliyekwisha kuadhibiwa: nitaacha, sitarudia. Katika enzi za chama kimoja hapo palikuwa gereza ambamo watu waliwekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Walikuwamo waliodhaniwa kuipinga serikali, na katika miaka ya 1970 walikuwamo Mashahidi wa Yehova, ambao kosa lao lilikuwa kukataa kununua kadi ya chama. Maelfu ya waumini hao waliihama nchi, wakakimbilia Zambia na Msumbiji.

Yaliyotendeka hapo yanashangaza zaidi mtu akikumbuka kwamba Dakta Banda mwenyewe alionja kizuizi. Tarehe 3 Machi 1959 Waingereza walitangaza hali ya hatari katika Nyasaland, wakamkamata na kumpeleka gereza la Gwelo, katika Rhodesia ya Kusini, ambako alikaa hadi Aprili 1960 bila ya kuhukumiwa na mahakama yoyote. Siku hiyo ya kukamatwa imekuwa Siku ya Mashujaa nchini Malawi, na ni haki yake kuwa hivyo, kwani watu waliuawa kwa risasi wakidai uhuru. Gwelo ikaingia katika historia ya taifa kwa fahari. Dzaleka haikupewa heshima kama hiyo.

Si kila nchi imefanya hivyo. Afrika Kusini iligeuza gereza la Kisiwa cha Robben kuwa makumbusho mwaka 1997. Lakini ni rahisi zaidi kuhifadhi gereza la dhalimu aliyeshindwa kuliko gereza lililojengwa na baba wa taifa. Kaburi la Lilongwe halidanganyi, kwa kuwa mzee huyo aliongoza nchi kwenye uhuru Julai 1964, na ukweli huo haufutiki. Linasema nusu ya habari.

Nusu nyingine inawahusu wanajeshi. Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni na kuchagua mfumo wa vyama vingi. Hata hivyo vijana wa Chama, Mapainia, walibaki na silaha zao, wakiwa kama jeshi la pili ndani ya nchi moja. Desemba mwaka huo, baada ya askari wa jeshi kuuawa na Mapainia mjini Mzuzu, wanajeshi walitoka makambini na kuwanyang'anya silaha katika operesheni iliyoitwa Bwezani, yaani rudisheni. Hawakutwaa madaraka. Walirudi makambini, na Mei 1994 wananchi wakamchagua rais mwingine.

Mwaka huohuo wa 1994 Dzaleka ikafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Wakaingia watu kutoka Rwanda, Burundi na Kongo, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha za soko lake. Kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000 imepata kuwa na zaidi ya 50,000. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi walioishi na kufanya biashara nje ya kambi warejee humo, na mwezi Mei vyombo vya usalama vilianza kuwakusanya mjini Lilongwe, watoto wakiwemo. Askari aliyetumwa kazi hiyo alikuwa akiwapeleka watu mahali ambapo, miaka michache kabla ya kuzaliwa kwake, wenziwe walikuwa wakiwapeleka wafungwa. Si jambo moja, na asiwepo wa kusema ni jambo moja. Mkimbizi si mfungwa. Lakini barabara ni ileile, na jina ni lilelile.

Tangu mwaka 2014 wakazi wa Dzaleka wamekuwa wakiandaa tamasha la muziki na ngoma, na wenyeji wa Malawi hufika kutoka Lilongwe na kulala katika nyumba za wakimbizi. Jina la tamasha hilo ni la Kiswahili. Linaitwa Tumaini.