Makauboi wa Léopoldville na Lugha Yao

Sisi tufundishao Kiswahili hapa Rusizi, ambako zamani kuliitwa Cyangugu, twakaa mpakani. Ng'ambo ya mto ni Bukavu. Wako wanafunzi wetu wanaovuka daraja na kurudi na maneno yasiyomo vitabuni, nasi aghalabu huyakata kwa wino mwekundu. Kabla hatujaendelea kuyakata, yafaa tukumbuke kisa kimoja kilichoanzia katika sinema.

Mwaka 1925 Wabelgiji waliiunganisha Ruanda-Urundi kiutawala na Kongo, na makao makuu ya utawala huo yakawa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Katika miaka ya 1950 vijana wengi wa vitongoji vya mji huo, wasio na kazi wala shule, walipenda mno filamu za Kimarekani za makauboi. Filamu ya Buffalo Bill, iliyotolewa mwaka 1944, iliwapa jina, wakajiita "Bills". Walivaa mashati ya mirabamiraba, wakafunga vitambaa shingoni, na mtaa mmojawapo wakauita Texas.

Katika filamu hizo mji hugawanyika pande mbili: sherifu na majambazi. Lakini sherifu wa Marekani aghalabu alichaguliwa na wenyeji. Huko Léopoldville sheria ilitoka kwa mgeni, na usiku Mwafrika alikatazwa kutembea katika mitaa ya Wazungu bila kibali. Basi ni nani aliyekuwa jambazi? Tusiwatakase vijana hao: walipigana makundi kwa makundi, na waliwadhulumu wasichana. Hata hivyo, mji ulipoasi utawala wa Wabelgiji tarehe 4 Januari 1959, baadhi yao walikuwamo.

Lililo kubwa kwetu ni lugha yao, Hindubill. Shina lake lilikuwa Kilingala, na juu yake wakapachika maneno ya Kifaransa, ya Kiingereza na ya lugha nyingine za nchi. Wakubwa waliiona kuwa uhuni mtupu. Lakini padri mmoja Mbelgiji, Jozef de Laet, ambaye vijana walimwita "Père Buffalo", hakuidharau. Alijifunza lugha hiyo, akaweza kuingia kati yao na kuwavuta watoke katika ugomvi.

Kiswahili nacho kimepokea kitu kutoka sinema. Neno "stelingi", la kumtaja shujaa wa filamu, halikutungwa na kamati yoyote. Watazamaji walilitwaa katika Kiingereza cha matangazo ya filamu.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na wajibu wetu wa kufundisha Kiswahili sanifu umezidi. Hatusemi basi kwamba kila neno la mtaani lipewe alama za mtihani. Twasema tu kwamba mwalimu asiwe kama sherifu anayefyatua risasi kabla ya kuuliza jina. Na amuulize kwanza mwanafunzi: neno hili umelitoa wapi, na lina maana gani? Akishajibiwa, ndipo achukue kalamu nyekundu.