Stelingi Hafi: Historia Fupi ya Watazamaji wa Kwetu

Ndugu zetu vijana, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo tunaongea muvi.

Hapa Kakuma ukitaka kuanzisha ubishi usioisha, huna haja ya kutaja siasa wala mpira. Sema tu kwamba Commando ni kali kuliko Rambo, halafu kaa usikilize. Mkongo atasema hivi, Mrundi atasema vile, na Msomali ataleta filamu ya Kihindi akisema hizo zenu zote ni kelele tupu. Wazee wakipita wanatikisa kichwa: vijana hawa hawana kazi.

Sisi tunasema ubishi huu una maana. Una historia ndefu katika nchi zetu, na ukiifuata utaona kitu kimoja kinagombaniwa kila wakati: nani ana haki ya kusema filamu hii ni nzuri na ile ni mbaya?

Tuanzie Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Walitengeneza karibu filamu 35, kuhusu kilimo, afya, kuweka akiba na mengine kama hayo. Sauti iliwekwa kwenye sahani za santuri, Kiswahili kikiwemo. Kisha wakapakia mashine kwenye lori na kuzunguka vijijini, Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka nchi tunazoziita leo Zambia na Malawi. Kwa watu wengi hiyo ndiyo ilikuwa sinema ya kwanza maishani.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha kitengo chake cha filamu za makoloni. Mkubwa wake, William Sellers, alikuwa amefanya kazi ya afya Nigeria. Yeye aliamini kwamba Mwafrika haelewi filamu kama Mzungu. Kwa hiyo filamu ya Mwafrika iende polepole, picha zisibadilike haraka, na mambo ya ujanja wa kamera yaondolewe. Kuna kisa ambacho watu wa aina yake walipenda kukisimulia: wanakijiji walionyeshwa filamu ya afya yenye mbu mkubwa aliyejaa kwenye skrini, wakasema, “Kwetu hakuna tatizo, mbu wetu ni wadogo.” Wakubwa wakacheka: mnaona, hawaelewi!

Sisi tukisikia kisa hiki tunacheka pia, ila tunamcheka mtu mwingine. Mtu yeyote aliyekaa kambini anajua utani wa namna hiyo. Ukimletea mtu mzima somo la kunawa mikono kwa mara ya tisa, naye atakujibu jibu la kukufurahisha arudi nyumbani. Hatuwezi kujua wanakijiji wale walikuwa na nini moyoni. Lakini aliyesimulia kisa hakuwaza hata kidogo kwamba labda walikuwa wanamtania yeye.

Upande wa Kongo mambo yalikuwa hayo hayo. Wabelgiji walikuwa na tume ya kukagua filamu, na si kila filamu aliyoona Mzungu iliruhusiwa kuonwa na Mkongo. Mapadri nao walitengeneza za kwao. Kule Kasai, miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya watu wawili, Matamata na Pilipili, vyenye mafunzo ndani yake. Watu walivipenda, tusiseme uongo. Lakini vijana wa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, walikuwa wameshachagua kitu kingine: filamu za makauboi. Walijiita “Bills”, kutoka jina la Buffalo Bill. Walivaa kama makauboi, wakatembea kama makauboi, wakatunga hata lugha yao ya mtaani iliyoitwa Hindubill. Serikali ya kikoloni iliwaona wahuni, na wengine kweli walikuwa na fujo. Lakini angalia walichofanya. Walipewa filamu za kuwafanya watu watulivu, wao wakaenda kumchagua mtu anayepanda farasi na haombi ruhusa kwa mtu.

Huko pwani hadithi ni tofauti kidogo, na ndiyo tunayoipenda zaidi. Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na miji mingine, majumba ya sinema yalijengwa mapema, mengi na wafanyabiashara wenye asili ya India. Hao hawakuwa na haja ya kumfundisha mtu. Walitaka tiketi zinunuliwe. Kwa hiyo walilazimika kusikiliza maoni ya mtazamaji, kwa sababu mtazamaji asiporidhika hurudi kesho akawaambia wenzake wasije. Ndivyo filamu za Kihindi zilivyoshinda. Awaara ya Raj Kapoor, ya 1951, na Mother India, ya 1957, zilitazamwa na watu wasiojua Kihindi hata neno moja. Walielewa vipi? Walielewa kwa sababu baba anayemkataa mwanawe, au mama anayelea watoto peke yake kwenye njaa, hahitaji mkalimani.

Na kuna jambo ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Pwani kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Siku hiyo ukumbi ulikuwa wao, mama na mabinti, dada na mashoga zao. Walilia pamoja, wakacheka pamoja, na wakirudi nyumbani walisimulia filamu yote kwa bibi ambaye hakuweza kwenda. Desturi haikuvunjwa na wanawake hawakunyimwa sinema. Tuliweke hili akilini, tutalirudia.

Ikaja video. Miaka ya 1980 kaseti zilianza kuingia, na kuanzia hapo hukuhitaji jumba kubwa. Televisheni moja, deki moja, jenereta, mabenchi ya mbao na turubai: tayari kibanda. Tanzania Bara haikuwa hata na kituo chake cha televisheni mpaka 1994, lakini vibanda vilikuwa vimeshawafundisha watu kumjua Bruce Lee, Rambo na Schwarzenegger.

Tatizo lilikuwa lugha. Hapo ndipo walipotokea watu ambao kwetu sisi ni mashujaa: watafsiri wa filamu. Uganda wanaitwa maviijei, na jina la VJ Jingo linajulikana mpaka leo. Tanzania alikuwepo Lufufu. Kenya yuko DJ Afro, ambaye hapa kambini sauti yake inajulikana kuliko ya kiongozi yeyote. Hawa hawatafsiri neno kwa neno. Wanampa adui jina la mtaani, wanamcheka stelingi akichelewa kupiga, wanaeleza mila za Wachina kwa mfano wa jirani yako. Mtafsiri ni mtazamaji aliyepewa kipaza sauti. Maoni yake yanaingia ndani ya filamu yenyewe. Sellers alisema filamu iende polepole ndipo tuelewe. DJ Afro anaongea haraka kuliko filamu, na kibanda kizima kinaelewa.

Baadaye Watanzania wakaanza kutengeneza za kwao. Girlfriend ilitoka 2003 na ikafungua njia ya kile tunachokiita Bongo Muvi. Steven Kanumba akawa nyota kiasi kwamba alicheza na waigizaji wa Nigeria katika Dar 2 Lagos. Filamu zake zilivuka mpaka, zikafika Bujumbura, Bukavu, Uvira. Alipofariki Aprili 7, 2012, Dar es Salaam ilifurika waombolezaji, na huku kwetu watu ambao hawakuwahi kufika Tanzania walilia kama wamefiwa na kaka.

Sasa tuje kwenye msemo wetu mkubwa: stelingi hafi. Wakenya na Watanzania wanasema stelingi. Sisi tuliotoka Kongo tulikua tukisema akteri, na adui yake ni shefu bandi. Maneno ni tofauti, sheria ni moja: akteri hafi, shefu bandi lazima afe mwisho.

Wasomi wengine wanaicheka sheria hii, wanasema ni ya kitoto. Basi wasikilize kisa cha Rambo ya kwanza, First Blood, ya 1982. Ilitokana na kitabu cha David Morrell cha 1972, na ndani ya kitabu Rambo anakufa. Hata filamu ilipigwa na mwisho ambao Rambo anakufa. Walipowaonyesha watazamaji wa majaribio, watazamaji hawakukubali. Wamarekani wale, wenye viti vya sofa na tiketi zao, walisema kitu kile kile kinachosemwa kwenye mabenchi yetu: stelingi hafi! Watengenezaji wakabadilisha, Rambo akaishi. Maoni ya watu wa kawaida yaliokoa maisha yake.

Na ukiitazama tena First Blood, utaona si filamu ya kuua. Ndani yake tunaona mtu mmoja tu akifa. Ni habari ya mwanajeshi aliyerudi kutoka vitani Vietnam na vita vikakataa kutoka kichwani mwake. Mwishoni analia kama mtoto. Kwenye kibanda, hapo ndipo wavulana hunyamaza. Hakuna anayesema kwa nini, na hakuna haja.

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Kwa watu wa kambini, kupendekezea mtu filamu si jambo la mzaha. Mahali pengine ukimdanganya mwenzako kuhusu filamu, atapoteza saa mbili na pesa kidogo. Hapa unaweza kumwekea mbele ya macho nyumba inayoungua, wakati yeye aliiona inaungua kwa kweli. Tumeshuhudia dada akitoka kibandani anatetemeka, na hakuna aliyekuwa amemwonya. Kwa mfano, tunaipenda Sometimes in April ya Raoul Peck, ya 2005, iliyopigwa Rwanda kwenyewe. Peck tunamheshimu pia kwa sababu ni Mhaiti ambaye familia yake ilikimbia utawala wa Duvalier, akaishi Kongo utotoni. Yeye ndiye aliyetengeneza Lumumba, ya 2000. Filamu hiyo ya Rwanda tunaipendekeza. Lakini usiitazame peke yako usiku, wala mbele ya watoto, na usimwalike mtu bila kumwambia ina nini ndani.

Kwa hiyo katika kikundi chetu tumekubaliana, anayependekeza filamu aseme mambo matatu. Kwanza, inahusu nini, bila kutoboa mwisho. Pili, kwa nini yeye imemgusa, na “ni kali” peke yake haitoshi. Tatu, ina nini kinachoweza kuumiza: risasi, ubakaji, mtoto kufa, kukimbia kwa boti. Baada ya hapo kila mtu achague mwenyewe. Huko si kukagua filamu kama ile tume ya Wabelgiji. Tume ilikuficha ili usichague. Sisi tunakwambia ili uchague vizuri.

Mfano wetu mmoja ni Sarafina!, ya 1992, wanafunzi wa Soweto wanaodai haki yao. Ina nyimbo na kucheza, imetugusa kwa sababu wenye miaka kama yetu ndio wanaobeba hadithi, lakini wanafunzi wanapigwa risasi na kuna mateso ya gerezani. Umeona? Maneno machache, na mwenzako amejiandaa.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tuna maombi mawili, na tunayasema kwa heshima. La kwanza: mtuulize kabla ya kuchagua. Filamu nje usiku kambini si jambo geni. FilmAid, iliyoanza 1999 na wakimbizi wa Kosovo, ilikuja hapa Kakuma 2001, na wengi wetu tulikua tukikimbilia skrini yake vumbini. Hizo ni kumbukumbu nzuri. Lakini tumewahi pia kuletewa na wengine filamu moja ya mafunzo mpaka watoto wakaijua kwa moyo kama sala. Filamu ya mafunzo si mbaya. Inakuwa mbaya ikija peke yake, na ikija bila mtu kuulizwa baadaye: mmeionaje?

La pili: wasichana. Vibanda vyetu vimejaa wavulana. Wazazi wengi hawawaruhusu mabinti kuingia, na ukiona giza lile na msongamano ule, huwezi kuwalaumu. Matokeo yake maoni ya filamu kambini ni maoni ya nusu ya kambi. Wazee wa pwani walishapata dawa ya jambo hili zamani: siku ya wanawake peke yao. Tunahitaji ukumbi mmoja mchana, mara moja kwa wiki, na dada zetu wachague wenyewe cha kutazama. Tungependa sana kusikia wao wanasema nini kuhusu Rambo.

Kwenu vijana wenzetu: kibanda kikizimwa jenereta, msiondoke haraka. Kaeni mbishane. Waliokuwa kabla yetu waliambiwa hawaelewi wanachokiona, na wakaendelea kukitazama, kukisimulia na kukihukumu kwa lugha zao. Leo jioni mwenzako akikuuliza filamu gani nzuri, mjibu kama mtu mwenye haki ya kujibu, na mwonye panapohitaji kuonywa.