Jenerali Doriot na Chimbuko la Mtaji wa Kuthubutu

Vijana wetu wanaoanzisha kampuni za teknolojia wamelishwa hadithi moja. Inasema kwamba palikuwa na kijana mwenye wazo na tajiri mwenye jicho la kuona mbali; tajiri akatoa fedha, kijana akafanya kazi usiku na mchana, na dunia ikabadilika. Hadithi hiyo sasa inasikika hata katika semina za watumishi wa umma, ambako sera ya ubunifu hujadiliwa kana kwamba kinachokosekana ni tajiri tu. Nimefundisha historia ya uchumi kwa muda wa kutosha kuishuku hadithi yoyote isiyokuwa na dola, vita wala walipakodi ndani yake. Kwa hiyo napenda tumtazame mtu ambaye wengi humwita baba wa mtaji wa kuthubutu, yaani fedha zinazowekwa katika kampuni changa isiyo na dhamana wala historia ya mauzo, ambazo mwenye kuziweka hulipwa kwa hisa badala ya riba.

Georges Doriot alizaliwa Paris mwaka 1899. Baba yake, Auguste, alikuwa fundi na dereva wa Peugeot katika miaka ya mwanzo kabisa ya motokaa, na baadaye aliunda magari katika kampuni yake mwenyewe. Georges alitumikia jeshi la Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha mwaka 1921 akavuka bahari kwenda Marekani. Alisoma kwa muda katika Shule ya Biashara ya Harvard, na kuanzia mwaka 1926 hadi alipostaafu mwaka 1966 akawa mwalimu wa shule hiyo. Somo lake lilihusu uzalishaji viwandani, na maelfu ya wanafunzi walilipitia. Tusisahau ni wanafunzi gani: programu ya miaka miwili ya shahada ya uzamili katika shule hiyo haikufungua milango kwa wanawake hadi mwaka 1963. Mtandao wa watu waliofahamiana, walioaminiana na waliokopeshana majina yao mazuri ulikuwa karibu wote wa wanaume.

Vita vya Pili ndivyo vilivyomfunza kazi iliyomletea sifa. Alipata uraia wa Marekani mwaka 1940, na mwaka uliofuata akaingia jeshini, katika idara ya ugavi. Huko aliongoza kitengo kilichotafuta viatu visivyooza, nguo za baridi kali, chakula cha safarini na vifaa vingine ambavyo askari alivihitaji lakini havikuwapo sokoni. Kinga ya mwili ya plastiki iliyobuniwa wakati huo ilipewa jina la Doron kwa heshima yake. Alipanda hadi cheo cha brigedia jenerali. Kila siku ya kazi hiyo aliona jambo lile lile: serikali inaeleza tatizo, wanasayansi wanatafuta jibu, kiwanda kinatengeneza, na hazina ya umma inalipa gharama za majaribio, yakiwamo yale yaliyoshindwa.

Vita vilipomalizika, maabara za Marekani zilikuwa zimejaa maarifa yaliyogharamiwa na umma, ilhali viwanda vya nguo vya jimbo la Massachusetts na majirani zake vilikuwa vinadidimia. Mwezi Juni 1946 ilianzishwa Boston kampuni iliyoitwa American Research and Development, kwa kifupi ARD. Miongoni mwa waasisi wake walikuwamo Karl Compton, rais wa chuo cha MIT, na Ralph Flanders, mwenye viwanda aliyekuwa ameongoza tawi la benki kuu mjini Boston na ambaye punde alichaguliwa kuwa seneta. Doriot alikabidhiwa uongozi alipotoka jeshini.

Kabla ya hapo, fedha za kuthubutu zilitoka mifukoni mwa familia tajiri kama akina Rockefeller na Whitney. ARD ilikusudia kukusanya fedha za vyuo vikuu, kampuni za bima na wananchi walionunua hisa zake hadharani. Walilenga dola milioni 5, wakapata takriban milioni 3.5. Moja ya kampuni za kwanza walizozisaidia ni High Voltage Engineering, iliyotokana na wanasayansi wa MIT na iliyounda mitambo yenye nguvu kubwa ya umeme, ikiwamo ya kutibu saratani kwa mionzi. Fedha hizo zilizaa matunda, lakini kwa miaka mingi hisa za ARD zenyewe hazikuwavutia wanunuzi.

Kisha ukaja mwaka 1957. Wahandisi wawili, Ken Olsen na Harlan Anderson, walitoka katika Maabara ya Lincoln ya MIT wakiwa na wazo la kutengeneza vifaa vya kompyuta. Watumishi wa ARD waliwashauri wasilitumie neno lenyewe “kompyuta” katika andiko lao, kwa kuwa hata kampuni kubwa zilikuwa zinapata hasara katika biashara hiyo. Walipewa dola 70,000, na ARD ikachukua asilimia 70 ya kampuni. Wakaiita Digital Equipment Corporation, wakapanga chumba katika kiwanda kikuukuu cha sufu katika mji wa Maynard, wakaanza kuuza vipande vya saketi ili wapate fedha za kuendelea. Kompyuta kamili ilifuata baadaye. Hisa zao hazikuuzwa kwa umma hadi mwaka 1966, yaani miaka tisa tangu siku ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 fungu la ARD katika kampuni hiyo lilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 350.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi huishia, nami hapa ndipo ninapotaka tuulize maswali. Olsen na Anderson walijifunzia wapi? Maabara ya Lincoln iliundwa mwaka 1951 kwa fedha za jeshi, ili kutengeneza mfumo wa kulinda anga ya Marekani. Humo ndimo ilimojengwa kompyuta ya majaribio iliyotumia transista, na kompyuta ya kwanza ya Digital ilifanana nayo kwa mambo mengi. Hatari kubwa, ile ya kutojua kama jambo lenyewe linawezekana, ilikuwa imekwisha kubebwa na mlipakodi. Dola 70,000 za Doriot zilibeba hatari ya pili, ya kujua kama jambo hilo litauzika. Hatari hiyo nayo si ndogo, na simnyimi heshima yake. Lakini wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika hesabu hii, aliyechumia juani kwa muda mrefu kuliko wote hakupewa hata hisa moja.

Sheria nayo ilikuwa mhusika. ARD, kwa kuwa iliuza hisa hadharani, ilibanwa na sheria ya kampuni za uwekezaji ya mwaka 1940, na mamlaka ya masoko ya mitaji iliwazuia watumishi wake kupewa haki ya hisa katika kampuni walizozilea. Baadhi yao waliondoka. Mmoja wao, William Elfers, alianzisha Greylock mwaka 1965 kwa muundo wa ubia wa faragha, muundo ambao ndio uliotawala baadaye. Mwaka 1958, muda mfupi baada ya Wasovieti kurusha Sputnik, bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwakopesha fedha za serikali wawekezaji wa biashara ndogo. Mwaka 1979 wizara ya kazi ilifafanua kanuni zilizoruhusu mifuko ya pensheni kuweka sehemu ndogo ya akiba zake katika mitaji ya namna hii, na mto ukafurika. Wakati huo ARD ilikuwa imekwisha kumezwa na kampuni ya Textron, mwaka 1972. Wazo la kwamba mwananchi wa kawaida angeweza kununua hisa katika mfuko wa kulea kampuni changa lilififia pamoja nayo. Doriot alifariki mwaka 1987.

Jambo hili haliko mbali nasi. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwaka 2007, husifiwa kwa haki wahandisi na kampuni ya simu. Ni nadra kukumbukwa kwamba majaribio yake yaligharamiwa kwa sehemu na ruzuku ya karibu pauni milioni moja kutoka idara ya maendeleo ya serikali ya Uingereza. Mlipakodi alitangulia hapa pia. Safari hii alikuwa mlipakodi wa nchi nyingine.

Kwa mtumishi wa umma anayeandaa sera, naona somo la Doriot liko katika mpangilio wa mambo. Maabara zilitangulia, mtaji ukafuata. Nchi inayowapa wawekezaji misamaha ya kodi huku vyuo vyake vikikosa vifaa vya majaribio imeanza safari kwa kinyumenyume. Kwa mwanaharakati, swali la kudai jibu ni hili: fedha za umma zinapozaa kampuni, umma unabaki na nini, na ni nani anaandika mkataba huo? Na kwa mwanafunzi mwenye wazo lake, akumbuke kwamba Digital ilingoja miaka tisa ndipo ikafika sokoni, na kwamba waasisi wake waligawana sehemu ndogo tu ya kampuni. Atakapoletewa karatasi za kutia saini, asome kila kifungu, na ahesabu miaka kabla ya kuhesabu mamilioni.