Machungu, kugeuzwa kuwa msukumo

Kugeuza machungu kuwa msukumo ni hali ya mtu aliyeumizwa moyo, kwa msiba, dharau, kuachwa au kuonewa, kuichukua nguvu ya maumivu yake na kuitia katika kazi ambayo huenda asingeifanya, au asingeifanya kwa bidii ileile, kama asingeumia. Hali hii isichanganywe na subira. Mwenye subira huyabeba machungu yake hadi yapoe. Huyu huyabeba hadi yazae kitu kinachoonekana: wimbo, kitabu, shamba, chama.

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa majina ya machungu yenyewe. Dukuduku ni lile linalokaa moyoni bila kusemwa. Kinyongo ni dukuduku lililokwisha kupata mtu wa kumlenga. Donge hukaa kooni, na mara nyingi lina wivu ndani yake. Kibuhuti ni huzuni iliyojaa kiasi kwamba machozi yako karibu kumwagika wakati wowote. Tukija upande wa dawa, misemo yetu mingi ni ya kuvumilia: mtu hupiga moyo konde, hujikaza kisabuni. Ni misemo mizuri na imewavusha wengi. Lakini mtu aweza kujikaza miaka arobaini na kinyongo chake kikabaki vilevile, kimefunikwa tu. Kinachoelezwa hapa ni kile kinachotokea pale machungu yanapopata kazi ya kufanya, na katika historia ya Waswahili hakuna mfano ulio wazi kuliko wa Siti binti Saad.

Siti binti Saad

Alizaliwa Fumba, kusini mwa kisiwa cha Unguja, karibu mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Jina hilo lilikuwa ni hali ya nyumbani kwao iliyotamkwa wazi kila alipoitwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, naye tayari ni msichana mkubwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti alivibeba vyungu kichwani, akavitembeza na kuvinadi kwa sauti. Husimuliwa kwamba watu waliijua sauti yake kabla hawajamwona mwenyewe. Katika lugha yetu chungu ni cha kupikia na uchungu ni wa moyoni, na binti huyu alivijua vyote viwili mapema.

Mwaka 1911 alihamia mjini, akakaa Ng'ambo, upande wa pili wa kijito, walikoishi watu waliotoka utumwani na wageni waliotoka shamba. Mji Mkongwe wa nyumba za mawe ulikuwa jirani, lakini kwa hadhi ulikuwa mbali. Taarabu ilikuwa muziki wa upande huo wa mawe: ililetwa kutoka Misri enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na iliimbwa kwa Kiarabu. Chama cha Nadi Ikhwani Safaa kilichoundwa 1905 kilikuwa cha wanaume. Mwanamke wa Ng'ambo, mtoto wa watumwa, hakuwa na mlango wa kuingilia. Siti aliupata kupitia kwa Ali Muhsin, aliyekuwa mwanachama wa Nadi. Yeye ndiye aliyemfundisha. Baadaye akaunda kundi na wapigaji kama Mbaruk Talsam, aliyekuwa kipofu, na Budda Swedi. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alipewa ukubwani, likalifuta lile la utotoni.

Mwezi Machi 1928 kundi hilo lilipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Sauti ya Kiswahili ya mwanamke ikaingia majumbani, na santuri hizo zikauzwa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki. Kati ya kuhamia mjini na safari ya Bombay ilipita miaka 17. Hesabu hiyo ni muhimu kwa jambo tunalolieleza, na tutairudia.

Umaarufu ulileta maneno. Ukazuka wimbo wa kumkejeli, ukimwuliza tangu lini naye akawa mtu, yeye aliyetoka shamba na kaniki yake. Msomaji wa leo aweza kuiona kaniki kama nguo tu. Kwa kizazi kile, kitambaa hicho cheusi kilikuwa vazi la mtumwa, na waliotoka utumwani waliharakisha kuiacha wakavaa kanga. Kumkumbusha mwanamke kaniki mbele ya watu ilikuwa ni kumrudishia jina lake la Mtumwa.

Jibu lake lilikuwa wimbo, na wimbo wenyewe unastahili kuangaliwa kwa makini kwa namna ulivyojengwa. Hakudai kwamba ni mzuri wa sura, jambo ambalo wabaya wake walikuwa wamelishika. Hakujitafutia nasaba. Hakumtaja mtu kwa jina wala hakurudisha tusi. Alihamisha mizani: akawaambia kwamba sura na ukoo si vya kumpimia mtu, na kwamba upungufu wa kuonewa haya ni wa akili. Tusi lilitungwa ili limnyamazishe. Yeye alilichukua kama mtungaji anavyochukua kisa, akalipa mizani na vina, na jibu likabaki linaimbwa hata baada ya waliomkejeli kusahaulika.

Hapa ndipo miaka ile 17 inapokuwa na maana. Ni kawaida kusikia kwamba dharau ndiyo iliyomtengeneza Siti, na kauli hiyo inamnyima haki yake. Dharau ilimkuta sauti imefunzwa, wapigaji wamekaa, na wasikilizaji wanasubiri. Kama maneno yale yangemfika Fumba, akiwa peke yake na vyungu kichwani, yangekuwa maneno tu ya kuumiza. Machungu ni moto, na moto bila chungu juu ya mafiga huunguza nyumba. Ufundi ulitangulia, ndipo uchungu ukapata mahali pa kuingia.

Na hakuwa peke yake. Nyumba yake ya Ng'ambo ilikuwa barza ya jioni. Watu walikuja na habari za siku hiyo: fulani kaachwa, fulani kadhulumiwa mahakamani, fulani kala fedha za watu. Habari zikazungumzwa, zikatungwa, zikatiwa sauti. Wimbo wa "Kijiti" ulitoka katika kisa cha mwanamke mgeni kutoka Bara aliyeuawa. Muuaji, Kijiti mwenyewe, alivuka bahari akatoroka, na waliobaki kuadhibiwa wakawa wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Machungu ya mtu mmoja yalikuwa yakipita mikononi mwa wengi kabla ya kuwa wimbo, na nadhani hiyo ndiyo siri inayopuuzwa zaidi na wanaohubiri mafanikio ya mtu mmoja mmoja.

Shaaban Robert

Mwandishi huyu, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki 1962, alifanya kazi ya ukarani wa forodha kwa miaka mingi, akiandika nje ya saa za ofisi. Alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi linalobeba jina lake, mojawapo ya mashairi ya maombolezo yanayojulikana zaidi katika Kiswahili.

Lakini kwa mada yetu, shairi hilo si lenye uzito zaidi. Uzito uko katika tenzi mbili alizowatungia watoto wake: "Hati" kwa binti, "Adili" kwa mwana. Mjane wa kiume aliyebaki na malezi mikononi aliketi akaandika, ubeti baada ya ubeti, yale ambayo mtoto angesikia jikoni na barazani kama nyumba ingekuwa kamili: namna ya kumcha Mungu, kuheshimu watu, kushika kazi, kujitunza. Majonzi yalimwonyesha pengo, naye akaandika kwa kipimo cha pengo hilo. Tenzi hizo zimelea watoto wengi wasiokuwa wake.

Wangari Maathai

Juni 5, 1977, Maathai, mwanamazingira wa Kenya, na wenzake walipanda miche saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti. Miaka hiyohiyo ndoa yake ilikuwa ikivunjika. Talaka ya 1979 ilisikilizwa hadharani na kuandikwa magazetini, na alipomkosoa hakimu alifungwa siku kadhaa. Mumewe alipomtaka aache kutumia jina lake, Mathai, aliongeza herufi moja: likawa Maathai. Hilo ndilo jina lililotangazwa aliposhinda Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Utafiti

Sigmund Freud aliamini kwamba misukumo isiyokubalika katika jamii huweza kuelekezwa kwenye sanaa na kazi. Wazo hilo lilizaa imani rahisi kwamba kutoa hasira kwa namna yoyote huiponya. Mwaka 2002 Brad Bushman aliijaribu imani hiyo kwa wanafunzi 600 wa chuo nchini Marekani waliokuwa wamechokozwa. Waliopiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewachokoza walitoka na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya. Ni matokeo ya kuzingatia kwa yeyote anayefanya kazi usiku na mchana ili "kuwakomesha" watu: kila anapojitahidi anamwazia adui, na kinyongo kinakua pamoja na mafanikio.

Kuandika kunaonekana kufanya kazi tofauti. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwataka wanafunzi waandike juu ya tukio lililowaumiza sana, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioeleza tukio pamoja na walivyojisikia walihuzunika zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, katika miaka ya 1990, waliwachunguza watu wanaosema wamekua baada ya janga. Walisisitiza kwamba kinachokuza ni mapambano ya kuyajenga upya maisha, wala si janga lenyewe, na kwamba kukua hakufuti maumivu. Wakosoaji huuliza kama mtu anayesema amebadilika amebadilika kweli. Swali hilo bado lina nguvu.

Kuna hali ambapo wito wa kugeuza machungu ni dhuluma. Mtu asiyelala wiki nzima, asiyekula, anayetamani kufa, hahitaji kuambiwa ayafanye maumivu yake mtaji. Anahitaji daktari na watu wa kukaa naye. Vivyo hivyo aliyedhulumiwa anastahili haki kwanza. Wanawake wa kisa cha Kijiti hawakuhitaji kuwa mashujaa. Walihitaji hakimu mwadilifu.

Muda mfupi kabla ya Siti kufariki, Julai 8, 1950, Shaaban Robert alikutana naye, akamsikiliza akisimulia maisha yake: mjane wa Amina mbele ya binti wa mfinyanzi. Kutokana na mazungumzo hayo alitunga *Wasifu wa Siti binti Saad*, kitabu ambacho baadaye kilisomwa na wanafunzi wa sekondari wa Tanzania.